Andalio Lisilo na Usomaji: Utafiti wa Kusoma katika Darasa la Kiingereza, 1908 hadi 2019, na Mwalimu wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo mwalimu wa fasihi hulifanya kila juma bila kujiuliza lilitoka wapi, nalo ni kupanga somo la kusoma. Tukiyafungua maandalio ya somo ya walimu wengi wa kidato cha tatu na cha nne, safu ya shughuli huwa na maneno yanayofanana: kusoma sura, kujadili wahusika, kujibu maswali. Kati ya shughuli hizo, ya kwanza ndiyo inayopewa muda mfupi zaidi, maadamu hudhaniwa kwamba mwanafunzi ataimaliza mwenyewe bwenini au nyumbani. Kipindi chenyewe huanza pale ambapo usomaji unasemekana kuwa umekwisha. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kusahihisha majibu ya fasihi. Mtahiniwa hutaja sifa saba za mhusika kwa mpangilio uleule wa mwongozo, lakini akipewa dondoo la mistari mitatu na kutakiwa aeleze muktadha wake, hajui ni nani anayemwambia nani, wala ni wapi na kwa nini.

Swali linalozuka ni hili: je, wanaotafiti usomaji wamesema nini kuhusu hali hii? Wamesema mengi, tena kwa zaidi ya miaka 100. Sehemu kubwa ya utafiti huo ilifanywa Marekani na Uingereza, na uliwahusu wanafunzi wanaosoma Kiingereza. Historia yake ina jambo moja la kushangaza. Kila mara utafiti ulipogundua kitu kuhusu msomaji, darasa lilikipokea katika umbo la swali la kujibiwa baada ya kusoma. Ugunduzi uliohusu kusoma uligeuzwa kuwa chombo cha kupima. Historia hiyo yafaa isimuliwe katika jarida la Kiswahili kwa sababu namna yetu ya kufundisha fasihi, pamoja na mitihani yetu, ilichukua mengi kutoka huko, na ikachukua hasa yale yaliyokuwa yamekwisha kugeuzwa.

Macho na aya

Mwanzoni watafiti walitazama macho. Kufikia mwaka 1879, katika maabara ya Émile Javal jijini Paris, ilikuwa imebainika kwamba jicho la msomaji haliteleki juu ya mstari kama maji. Huruka, hutua, kisha huruka tena. Mmarekani Edmund Burke Huey alikusanya matokeo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu saikolojia na ufundishaji wa usomaji. Kitabu hicho kingali kinasomwa, kwa kuwa Huey hakuishia kwenye macho. Alisisitiza kwamba kusoma ni kutafuta maana, na akazilaumu shule za wakati wake kwa kuwafanya watoto watamke maneno tu.

Mwaka 1917 Edward Thorndike wa Chuo cha Walimu cha Columbia, New York, alichapisha makala yaliyochunguza makosa ya wanafunzi katika kusoma aya. Mojawapo ya aya zake ilieleza sheria ya mahudhurio ya shule katika mji uitwao Franklin: mtoto wa umri fulani sharti ahudhurie isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Wanafunzi waliweza kuyatamka maneno yote. Hata hivyo, walipoulizwa aya inahusu nini, baadhi yao walishika neno moja lililowagonga machoni wakajibu kwa hilo. Thorndike alieleza kwamba kila neno katika akili ya msomaji linaweza kupewa uzito uliozidi au uliopungua, na kwamba kuielewa aya ni kama kutatua hesabu. Msomaji huchagua, hupima, hukataa na hupanga. Kwa maneno mengine, kusoma ni kufikiri.

Thorndike huyohuyo alikuwa mtunzi mashuhuri wa vipimo vya usomaji. Shule zilivipokea vipimo kwa mikono miwili, na ule ugunduzi kwamba msomaji anahitaji kufundishwa kupima uzito wa maneno ukabaki katika kurasa za jarida. Aya fupi yenye maswali chini yake, ambayo sisi twaiita ufahamu, ikawa ndiyo njia ya kufundishia kusoma. Hapa ndipo tabia niliyoitaja ilipoanza kuonekana waziwazi.

Cambridge, 1929

Katika miaka ya 1920, I. A. Richards, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyochapwa bila majina ya watunzi wala tarehe. Aliwapa muda wa kama wiki moja wasome kila shairi mara kadhaa na kuandika maoni yao kwa uhuru. Maandishi hayo aliyakusanya, akayachambua, na mwaka 1929 akatoa kitabu Practical Criticism, kilichojengwa juu ya mashairi 13. Ikumbukwe kwamba wanafunzi hawa walikuwa vijana waliosoma katika shule bora za Uingereza, na wengi wao walikuwa wakichukua shahada ya Kiingereza.

Matokeo yaliwashtua wengi. Sehemu kubwa ya wasomaji hao walishindwa kueleza hata maana ya juujuu ya yale waliyoyasoma. Mashairi ya Hopkins na D. H. Lawrence, ambao leo ni miongoni mwa watunzi wanaoheshimiwa, yalikataliwa na walio wengi. Richards hakuwacheka. Aliorodhesha vizuizi kumi vinavyomzuia msomaji kulifikia shairi, na baadhi yake mwalimu wa ushairi wa Kiswahili atavitambua mara moja. Kuna kumbukumbu za msomaji mwenyewe zinazoingilia shairi lisilohusiana nazo. Kuna hisia za mazoea, yaani neno kama “mama” au “kifo” linamfanya msomaji atoe mwitiko aliouweka akiba hata kabla ya kuuona mstari unaofuata. Kuna imani za kidini na za kisiasa zinazoamua ubora wa shairi. Kuna pia matarajio ya kiufundi, pale msomaji anapoliona shairi kuwa bovu kwa sababu tu halina vina alivyovizoea. Mtu aliyewahi kufundisha shairi huru mbele ya darasa lililolelewa kwa tarbia hahitaji mfano zaidi.

Kwa hakika kazi ya Richards ilikuwa utafiti kuhusu wasomaji. Alitaka kujua kusoma kunaharibika wapi ili kufundishwe vizuri zaidi. Lakini kilichoenea katika vyuo na shule ni ule utaratibu wake wa nje tu: mpe mwanafunzi shairi asilolijua, ondoa jina la mtunzi, mpe muda, kisha msahihishe. Yaliyokuwa maandishi ya kumsaidia daktari kuutambua ugonjwa yakageuzwa kuwa hukumu. Shairi lisiloonwa kabla likawa sehemu ya kudumu ya mitihani ya fasihi ya Kiingereza katika Uingereza na katika makoloni yake. Na mtu akiitazama Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, yenye shairi lililochapwa na maswali chini yake kuhusu bahari, uhuru wa mshairi, toni na nafsineni, haitamwia vigumu kuiona nasaba hiyo.

Rosenblatt na mwaka 1938

Mwaka 1938 vitabu viwili vilitoka Marekani vikivuta pande tofauti. Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walichapisha Understanding Poetry, kitabu cha kiada kilichomfundisha mwanafunzi kulichunguza shairi lenyewe: taswira, kinaya, muundo. Louise Rosenblatt alichapisha Literature as Exploration. Kwa Rosenblatt, maandishi yaliyo ukurasani ni wino tu mpaka msomaji ayaendee na maisha yake. Shairi au hadithi hutokea pale wawili hao wanapokutana. Hakusema kwamba kila fasiri ni sawa, kama anavyosingiziwa mara nyingi. Alimtaka mwalimu aanze na mwitiko wa mwanafunzi, kisha amrudishe kwenye maandishi authibitishe au aurekebishe.

Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alitofautisha misimamo miwili ya msomaji. Upo usomaji wa kuchota, ambapo msomaji anatafuta taarifa za kuondoka nazo, na upo usomaji wa kuishi, ambapo anayapitia yanayotokea katika hadithi wakati anaposoma. Mtu anayesoma maagizo ya dawa huchota; anayesoma riwaya anapaswa kuishi. Tatizo la shule, kwa maoni yake, ni kwamba huwataka wanafunzi wachote pale panapopaswa kuishiwa. Mwalimu anayewaambia wanafunzi, kabla ya ukurasa wa kwanza, kwamba wasome huku wakiorodhesha maudhui na mbinu za lugha, amekwisha kuwaamulia aina ya usomaji.

Ushindi wa madarasani ulikwenda kwa Brooks na Warren. Hilo lina sababu za kitaaluma, lakini nadhani sababu kubwa ni nyepesi zaidi. Taswira na kinaya vinaweza kusahihishwa kwa alama, ilhali mkutano wa msomaji na hadithi hauwekewi alama kwa urahisi.

Hata hivyo utafiti haukukoma. Mwaka 1964 James Squire alichapisha uchunguzi wa vijana 52 wa darasa la tisa na la kumi waliokuwa wakisoma hadithi fupi nne. Hakuwangoja wamalize. Aliwasimamisha katika vituo vilivyopangwa ndani ya hadithi na kuwauliza walichokuwa wakikiwaza. Aligundua kwamba vijana wengi hung’ang’ania mwisho mwema hata pale ishara zote zinapoelekea pabaya. Hukataa kuyaona yaliyoandikwa kwa sababu wanayatakia mema. Kosa hilo la kusoma maswali ya mwisho wa sura hayawezi kulionyesha, kwani kufikia hapo mwanafunzi amekwisha kuambiwa na wenzake hadithi iliishaje.

Jinsi mbinu hizi zilivyotufikia

Wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki walifanya mitihani ya Cambridge enzi za ukoloni na hata baada ya uhuru. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, na Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya mwaka 1980. Katikati ya kipindi hicho ulizuka mjadala mashuhuri kuhusu kinachopaswa kusomwa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na nafasi yake ichukuliwe na idara itakayoiweka Afrika katikati. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni. Orodha za vitabu zilibadilika, na fasihi simulizi ikapata heshima yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE walifanya mtihani huo mwaka 1989.

Mapinduzi haya yalikuwa makubwa, na hakuna sababu ya kuyapunguzia hadhi. Lakini yaliuliza tusome nini. Hayakuuliza kwa kina mwanafunzi anasomaje. Kwa hivyo riwaya ya Kiswahili iliingia darasani ikavikwa andalio la zamani: muhtasari, dhamira, wahusika, mbinu, maswali. Miongozo ya kibiashara nayo ikajitokeza kuijaza nafasi iliyoachwa wazi. Mwongozo hauna hatia ya kuwapo. Kosa linatokea pale unaposomwa mahali pa kitabu.

Bohari aliyonayo msomaji

Turudi Cambridge kidogo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett alieleza jaribio alilowapa Waingereza ngano ya Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda. Simulizi zao zilibadilika kwa utaratibu. Mtumbwi uligeuka kuwa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na mizuka, ambayo ndiyo kiini cha ngano, ikaelekea kutoweka. Wasomaji waliikarabati hadithi mpaka ikafanana na ulimwengu wanaoujua. Bartlett aliiita bohari hiyo ya ujuzi uliopangwa skima.

Wazo hilo lilifufuliwa katika miaka ya 1970 na Kituo cha Utafiti wa Usomaji cha Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1979 Margaret Steffensen na wenzake wawili walichapisha jaribio zuri mno. Wamarekani na Wahindi waliokuwa wakiishi Marekani walisoma barua mbili, moja ikieleza harusi ya Kimarekani na nyingine harusi ya Kihindi. Kila kundi lilisoma harusi yake kwa kasi zaidi na kukumbuka mengi zaidi. Katika harusi ya Kimarekani bibi harusi alivaa gauni la nyanya yake, jambo linaloonwa kuwa la heshima na bahati njema. Kuna msomaji wa Kihindi aliyelieleza gauni hilo kuwa kuukuu na lililopitwa na mitindo. Hakukosea neno lolote la Kiingereza. Alikosa desturi.

Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa shule ya kati habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji waliohesabiwa kuwa dhaifu lakini wanaoujua mchezo walielewa na kukumbuka zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa bara anayefundisha hadithi iliyojengwa juu ya unyago, mirathi ya Kiislamu au maisha ya mabaharia, hapa pana jambo la kupanga. Dakika tano za kuelezea desturi hiyo kabla ya kusoma zinaweza kuzidi thamani ya orodha nzima ya msamiati. Na kwa mwalimu wa Pwani anayefundisha hadithi ya wizi wa mifugo kaskazini mwa Bonde la Ufa, hali ni hiyohiyo kwa upande wa pili.

Darasani kulikuwa na nini hasa?

Dolores Durkin, wa Chuo Kikuu hichohicho cha Illinois, aliamua kwenda kuona. Ripoti yake ilitoka katika juzuu la 1978–79 la jarida la utafiti wa usomaji la Marekani. Katika dakika 4,469 za vipindi vya kusoma vya darasa la nne zilizoangaliwa, dakika 20 tu ndizo zilizotumiwa kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kuelewa. Muda uliobaki walimu walitoa kazi, walitaja mambo na waliuliza maswali. Walikuwa wakipima ufahamu kutwa nzima bila kuufundisha.

Hiyo ilikuwa shule ya msingi. Kwa sekondari, Martin Nystrand alitoa mwaka 1997 matokeo ya uchunguzi wake wa madarasa ya Kiingereza ya Marekani. Alihesabu muda wa majadiliano huru, yaani mazungumzo ambayo mwalimu hana jibu mfukoni. Katika darasa la nane ulikuwa sekunde 50 kwa kipindi kwa wastani. Katika darasa la tisa haukufika sekunde 15. Sijui mwalimu gani anaweza kuisoma hesabu hiyo bila kujihesabia dakika zake.

Baada ya Durkin zilitafutwa dawa. Iliyosifika zaidi ni ile ya Annemarie Palincsar na Ann Brown, ya mwaka 1984. Wanafunzi wa darasa la saba walioweza kutamka vizuri lakini hawakuelewa walikaa katika vikundi vidogo na mwalimu, wakashika zamu ya kuongoza. Kiongozi wa zamu aliuliza swali, alifupisha, alifafanua palipotatiza, na alitabiri yajayo. Walipata maendeleo makubwa. Lakini tazama yaliyofuata. Mbinu hizo nne ziling’olewa katika mazungumzo zilimozaliwa, zikaandikwa kwenye mabango ukutani na kwenye karatasi za mazoezi, na mwanafunzi akajikuta anajaza kisanduku cha “natabiri kwamba” kwa hadithi ambayo hana haja ya kujua inaendaje.

Kiswahili si Kiingereza

Hapa sharti tuwe waangalifu. Utafiti mwingi wa usomaji uliotukuka duniani unahusu Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni msitu. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake, wakilinganisha lugha 13 za Ulaya, walionyesha kwamba watoto wa Kiingereza huchukua zaidi ya maradufu ya muda kuimudu misingi ya kusoma kuliko wenzao wa lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa. Kiswahili kimo katika kundi hili la pili kwa tabia yake. Mwanafunzi wetu akishazijua silabi, husoma chochote.

Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili vinavyozidishwa: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sufuri, jawabu ni sufuri. Kwa Kiingereza, udhaifu wa kipengele cha kwanza humfichua mwanafunzi mapema kwa sababu hukwama kwenye neno. Kwa Kiswahili, hasa kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, hufichika. Husoma kwa sauti nzuri, hapepesi, na mwalimu hupita kwa mwingine akiwa ameridhika.

Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya makala haya: “Mzee Kombo aliposikia jina la mwanawe likitajwa pale barazani, aliinama akafunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.” Hakuna neno gumu hapa hata kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Swali la kawaida la ufahamu litakuwa: Mzee Kombo alifanya nini? Na jibu litakuwa: Alifunga kamba za viatu. Atapata alama yake, ilhali hakuisoma sentensi. Aibu ya mzee, mkono unaofunga kisichokuwapo ili uso upate pa kujificha, na swali la mwana huyo amefanya nini, yote yamo katika neno moja dogo, visivyokuwa. Thorndike angesema neno hilo limepewa uzito uliopungua. Rosenblatt angesema mwanafunzi alichota. Mimi nitaongeza kwamba tukimpa mwongozo unaosema “Mzee Kombo ni mwenye aibu”, tutakuwa tumemwibia kazi ambayo ingemfunza kusoma sentensi ijayo.

Riwaya mbili katika wiki 12

Mwaka 2019 Jo Westbrook na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa na walimu 20 wa Kiingereza kusini mwa Uingereza, katika madarasa ya wanafunzi wa miaka 12 hadi 13 wenye uwezo wa wastani na wa chini. Jambo waliloombwa walimu kulifanya ni rahisi kulieleza: wasome na darasa riwaya mbili nzima, zenye changamoto, katika wiki 12, kwa kasi kuliko walivyozoea. Kusoma kulifanyika kwa sauti darasani. Walimu kumi kati yao walipewa pia mafunzo ya ziada ya kufundisha ufahamu.

Wanafunzi wote kwa wastani walisonga mbele kwa miezi 8.5 katika jaribio sanifu la ufahamu. Wasomaji dhaifu walisonga kwa miezi 16. Yale mafunzo ya ziada waliyopewa walimu kumi hayakuleta tofauti yoyote. Tahadhari inahitajika, kwa sababu makundi yote mawili yalisoma riwaya. Maendeleo yao yalilinganishwa na viwango vya umri vya jaribio lenyewe. Hata hivyo swali linabaki mezani: kwa nini walio dhaifu ndio waliofaidi zaidi?

Maelezo yangu ni haya. Msomaji dhaifu anaposomeshwa sura moja kwa majuma mawili, ikikatwakatwa kwa maswali na notisi, hupoteza uzi. Hamkumbuki mhusika aliyeonekana mwezi uliopita, kwa hivyo kila ukurasa ni mwanzo mpya. Msomaji hodari hujisomea mbele kimyakimya na kuupata uzi mwenyewe. Dhaifu hana njia hiyo. Sauti ya mwalimu anayesoma vizuri humbebea sentensi ndefu, na kasi humpa hadithi nzima kabla haijapoa. Nasi tusione haya kusoma kwa sauti kwa kuhofia kwamba ni jambo la shule ya msingi. Tenzi za Pwani ziliandikwa ili zighaniwe mbele ya hadhira, na hakuna aliyesema watu wa barazani hawakuwa wahakiki.

Andalio la kipindi cha dakika 40 kwa mtindo huu lingekuwa na sura tofauti na lile tulilolizoea. Dakika tano za mwanzo zingekwenda kwa desturi au tukio ambalo bila hilo ukurasa wa leo haueleweki. Dakika 25 zingekuwa za kusoma, mwalimu akishika sehemu ndefu za masimulizi na wanafunzi waliojiandaa wakishika mazungumzo, na pasiwe na zaidi ya vituo viwili, ambavyo mwalimu amevichagua usiku uliotangulia kwa sababu hapo ndipo hadithi inapogeuka. Squire alituonyesha faida ya kusimama katikati badala ya mwisho. Dakika saba zingebaki kwa swali moja ambalo mwalimu mwenyewe hana hakika nalo, na tatu za mwisho kila mwanafunzi aandike sentensi moja iliyomgusa, ataje nani aliisema na kwa nini. Hilo la mwisho ni dondoo, isipokuwa safari hii mwanafunzi amelichagua mwenyewe.

Pingamizi la kwanza litakuwa silabasi. Basi tupige hesabu. Ukurasa wa riwaya wa maneno kama 300 husomwa kwa sauti, bila haraka, kwa dakika mbili na nusu. Riwaya ya kurasa 180 itahitaji dakika 450. Kwa dakika 25 za kusoma katika kila kipindi, hivyo ni vipindi 18, yaani viwili kwa wiki kwa wiki tisa. Tamthilia ya dakika 200 itachukua vinane, na hadithi fupi nyingi hukwisha katika kimoja au viwili. Pingamizi la pili ni vitabu, kwani katika shule nyingi nakala moja huzungukwa na wanafunzi watatu au zaidi. Kusoma kwa sauti ndiko kunakoivumilia hali hiyo vizuri zaidi; kazi ya kwenda kusoma bwenini haiivumilii hata kidogo. Vipindi hivyo 18 vitatolewa kwenye vile tunavyovitumia sasa kuwanakilisha wanafunzi notisi za wahusika ubaoni, na anayetaka kujua ni vingapi anaweza kuvihesabu katika rekodi yake ya kazi ya muhula uliopita.